Mgeni anayekimbia baridi: kwa wadogo zangu mnaoanza kupokea wageni Kigoma

Ikifika Novemba kazi yetu huku mwisho wa reli inabadilika sura. Wageni wa Julai na Agosti, wale wenye darubini shingoni na ratiba ya kila saa, wameshaondoka. Wanaanza kutuandikia wengine kabisa. Hawaulizi sana habari za sokwe. Wanauliza: kwenu kuna jua? Joto nyuzi ngapi? Naweza kukaa mwezi mzima? Nikisaidia kazi mtanipunguzia bei ya chumba?

Kama umeanza mwaka huu, uwe mapokezi, jikoni, kwenye boti au unaongoza watalii, mgeni wa namna hii atakufikia, na atakufikia kwanza kwenye simu. Ndiyo maana naanza na jibu la simu. Pale ndipo kazi inaponyooka au kuharibika.

Ukweli wenyewe ni kwamba anakuja kutafuta jua wakati sisi tuko katikati ya mvua. Huku hatuna vuli na masika kama watu wa Pwani. Mvua yetu ni moja, ndefu, inaanza Oktoba kuelekea Novemba na kuishia Aprili, mwaka mwingine inaingia Mei. Januari au Februari hupumua kidogo, lakini hakuna wa kukuandikia mkataba. Mtu aliyeko Hamburg hayajui hayo. Anachojua ni kwamba Kigoma iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na akifungua picha anaona maji ya buluu na mchanga unaong'aa. Picha hizo zilipigwa Agosti. Tena ufukwe wenyewe huenda haupo tena, kwa sababu miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda, na kuna mahali watoto walikuwa wanacheza mpira ambapo leo unapita na mtumbwi.

Kishawishi cha kujibu "karibu sana, jua tele" ni kikubwa, hasa vyumba vikiwa vitupu. Usijibu hivyo. Aliyeambiwa mapema kwamba Januari ina mvua atakaa barazani na chai yake aitazame ikinyesha. Aliyeahidiwa jua atakuja mapokezi kila asubuhi kukuuliza leo vipi, utadhani wewe ndiye mwenye funguo za mawingu, na akirudi kwao ataandika.

Lakini ukweli usiutoe nusu, maana nusu nyingine inakusaidia wewe. Mvua yetu si mvua ya kwao. Kwao Desemba ni manyunyu ya siku tatu mfululizo chini ya wingu la kijivu, na saa kumi jioni giza limeshaingia. Hapa siku ya mvua mara nyingi huanza na jua. Mchana wingu linajikusanya, upepo unabamiza milango, radi inapiga, maji yanashuka kwa kishindo saa moja au mbili, kisha jua linarudi na lami inafuka mvuke. Zipo siku inanyesha kutwa, lakini joto haliondoki, mchana ni nyuzi 27 au 28. Na kuna kitu ambacho mgeni wa Agosti hakipati kabisa. Kiangazi moshi wa nyika zinazochomwa na vumbi huifunika ng'ambo ya ziwa, unaweza kukaa Bangwe wiki nzima usijue kuna nchi nyingine kule. Mvua ikishaosha anga, milima ya Kongo inajitokeza yote, mikunjo kwa mikunjo, na usiku radi zinamulika juu ya ziwa kwa mbali bila sauti.

Mimi huwa najibu hivi: "Januari ni msimu wa mvua. Mara nyingi inanyesha mchana au usiku kwa muda mfupi, lakini siku nyingine inanyesha kutwa. Ni joto, kijani, na anga ni safi ikikatika. Ukitaka jua la uhakika kila siku, njoo kati ya Juni na Septemba. Ukija Januari nitakupangia safari za asubuhi." Wapo wanaopotea baada ya jibu hilo. Waache wapotee. Wanaokuja ndio wale wanaoongeza siku.

Sasa, ili umpokee vizuri huyu mtu inabidi uelewe anachokikimbia, na hapa vijana wengi wanakosea kwa sababu sisi neno baridi tunalipima na asubuhi ya Juni kule Kasulu. Shida yake kubwa wala si baridi, maana nyumba zao zina joto la mabomba. Shida ni mwanga. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu kwenye mhimili wake, kwa hiyo Desemba upande wa kaskazini unakuwa umelipa jua mgongo. London wanapata mwanga kama saa nane kwa siku. Helsinki hazifiki sita. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu anatoka nyumbani gizani, anafungiwa ofisini, anarudi gizani. Wako wanaougua kwa ajili hiyo, huzuni ya msimu ambayo madaktari wao wanaitambua na kuitibu, mojawapo ya tiba ikiwa kukaa mbele ya taa kali kila asubuhi. Huku kwetu siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja. Hatujawahi kulikosa jua hata tukajua kwamba ni kitu cha kukosekana.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi madogo unayapanga bila kufundishwa. Mgeni huyu usimpe chumba cha nyuma chenye kiyoyozi na dirisha linalotazama ukuta, hata kama ndicho unachokiona bora. Mpe chumba cha kawaida chenye kibaraza. Chai ya asubuhi usimwandalie ndani kwenye ukumbi wa mapazia na televisheni. Toa meza nje. Hata kukiwa na wingu, mwanga wa wingu letu ni mwingi kuliko anaoupata kwao siku nzuri ya Desemba. Utamwona amekaa nje na kitabu amekifunga, hafanyi chochote, uso ameuelekeza juu. Usimsumbue kumuuliza kama ana tatizo.

Ila hapo hapo ndipo hatari ilipo. Mtu ambaye ngozi yake haijaona jua tangu Septemba anashuka kwenye ndege na siku ya pili anataka boti ya kwenda Hifadhi ya Gombe kutazama sokwe. Anakaa mbele kabisa, anavua shati. Upepo wa ziwa unampoza, kwa hiyo hasikii kuungua. Maji yanarudisha miale kutoka chini. Ukifika Kasekela, kwenye kituo cha hifadhi, umemshusha mtu mwekundu mabegani, na usiku hawezi kulalia mgongo. Nimeona mgeni aliyesubiri safari hii mwaka mzima akaimalizia chumbani akipakwa mtindi.

Kuna mambo mawili hapa ambayo vitabu vyao vya safari havimwambii. Kwanza, Kigoma iko magharibi sana lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu la utosi si la saa sita, ni la saa saba na ushei. Yeye amesoma kwamba ajifiche kuanzia saa nne hadi saa tisa. Mwambie hapa asogeze mbele kwa saa moja, maana saa kumi kasoro bado linachoma. Pili, wengi wao wanakunywa doksisaiklini kuzuia malaria, na dawa hiyo inafanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida. Muulize anatumia dawa gani. Akitaja hiyo, mweke chini ya turubai la boti bila mjadala. Na losheni ya jua mkumbushe sehemu wanazosahau: masikio, juu ya nyayo, nyuma ya magoti. Mimi nina kofia za ukindu za kuazimisha pale mapokezi, na nguo za mikono mirefu. Kitenge nacho kinafaa sana mabegani, na wakishakivaa wanataka kukinunua.

Nirudi Gombe, maana kuna jambo la sokwe ambalo ni la msimu huu hasa. Majira ya baridi kwao ndiyo majira ya mafua. Mgeni anapanda ndege Frankfurt iliyojaa watu wanaopiga chafya, na akifika hapa siku ya tatu naye anaanza kukohoa. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, na kwao mafua ya kawaida yanaweza kuua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia Gombe ukawaua na kuwalemaza baadhi ya sokwe ambao mtafiti Jane Goodall alikuwa akiwafuatilia tangu alipofika Julai 1960. Ndiyo sababu hifadhini kuna barakoa, kuna umbali wa kukaa, kuna muda wa kuwatazama, na mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia. Mgeni anayeambiwa hivyo getini, boti imeshalipwa, atakasirika, na kasirani hiyo itakuangukia wewe. Mwambie siku anapoweka nafasi. Mshauri safari ya sokwe iwekwe mwishoni mwa wiki yake ya kwanza, si kesho yake baada ya kufika, ili kama amebeba mafua yajitokeze na yapone kwanza. Utaratibu huo pia unampa ngozi nafasi ya kuzoea. Kwa habari njema, TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa, wanaeleza kwamba wakati wa mvua sokwe wa Gombe hawatembei mbali sana, hivyo kuwapata kunaweza kuwa rahisi. Njia ndizo zinateleza. Hakikisha ana viatu vya kukamata ardhi na mpe fimbo.

Boti ziondoke asubuhi, nahodha akisema hapana ni hapana, na kila mtu avae jaketi okozi hata kama anajua kuogelea. Hilo sina haja ya kulirefusha.

Kuogelea ndiyo swali la kila siku. Ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470, na maji yake ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Kwa mtu aliyetoka kwenye theluji huwezi kumzuia asiingie. Usimwambie hakuna kichocho. Kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia karibu na vijiji na penye majani. Mpeleke penye mawe na maji mazito yanayopiga, mahali ambapo wenyeji wanakuambia pia hakuna mamba, kisha mwambie akapime akifika kwao baada ya wiki kadhaa. Dawa ipo na inatibu. Mgeni aliyeambiwa hivi anaogelea kwa raha. Anayekuja kusoma habari za kichocho baadaye, akiwa kwao, atadhani ulimficha.

Na malaria, wadogo zangu, msilichukulie jambo hili kwa mazoea yetu. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na mvua ndiyo inayoleta mbu. Chandarua kichunguze wewe mwenyewe kama kimetoboka kabla mgeni hajafika. Lakini la muhimu zaidi ni la siku ya kuondoka. Mtu huyu anarudi kwao Februari, bado baridi, kila mtu ana homa ya mafua. Akishikwa na homa wiki mbili baadaye, yeye na daktari wake wanaweza kudhani ni mafua ya mtaani. Watu wamekufa kwa malaria kwa kuchelewa namna hiyo. Ukimkabidhi risiti yake ya mwisho mwambie waziwazi: ukipata homa miezi hii inayokuja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari ni kwamba ulikuwa Kigoma. Mimi naiandika nyuma ya risiti.

Sasa niingie kwenye wale wanaotaka kufanya kazi, kwa sababu hapa ndipo vijana wanapoingizwa matatani bila kujua.

Kuna nchi zenye utaratibu wa viza kwa vijana wanaotaka kusafiri huku wakifanya vibarua. Australia wanao tangu 1975. Kijana wa miaka 18 hadi 30, na kwa baadhi ya nchi hadi 35, anapewa mwaka mmoja wa kuzunguka, anavuna matunda, anahudumia baa, anapata nauli ya kusonga mbele. Na wengi wakifanya miezi mitatu ya kazi mashambani wanaongezewa mwaka wa pili. New Zealand nako uko. Kwa hiyo kijana wa Kijerumani au Kifaransa aliyepitia huko akifika Kigoma anaona ni jambo la kawaida kabisa kukuambia: nitapaka rangi vyumba vyako, nitakupigia picha za mtandaoni, nipe kitanda na chakula. Hana nia mbaya hata kidogo. Ndivyo alivyoishi Queensland.

Tanzania haina viza ya namna hiyo. Viza ya matembezi, ile ambayo wengi wanalipia dola 50 na kupewa hadi siku 90, ni ya kutembea. Haimruhusu kufanya kazi, na kazi ya kitanda na chakula nayo ni kazi, vilevile ya kujitolea. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inadai kibali, na inambana mwajiri pamoja na mwajiriwa. Yaani huyo mgeni akikutwa juu ya ngazi na brashi yake, yeye atarudishwa kwao na bosi wako atakuwa na kesi. Anayekuja kujitolea kwa utaratibu ana njia yake: taasisi inayompokea inamwombea kibali cha ukaazi daraja C, na kwa kazi za muda mfupi kuna kibali chake pia. Hayo yanafanywa kabla hajaja, si baada ya kumpenda na kumzoea. Huu ni mkoa wa mpakani, Burundi iko pale na Kongo iko pale, na watu wa Uhamiaji hapa wanapita kwenye nyumba za wageni mara nyingi kuliko utakavyoona Arusha. Kitabu cha wageni kiwe kimejazwa kila siku, namba ya pasi isomeke.

Mimi nina sababu nyingine pia, nje ya sheria. Kupaka rangi ukuta ni kazi ambayo kijana wa Gungu anaijua na anaihitaji. Mgeni atakayekaa wiki sita akaifanya bure amemnyima mwenzako mlo, hata kama amefurahi na sisi tumefurahi. Vivyo hivyo hawa wanaotaka kufundisha shule kwa wiki tatu. Watoto wanamzoea, wanajifunza nyimbo mbili, anaondoka, mwalimu wa darasa anabaki na silabasi iliyosimama. Kama ana fani ya kweli, fundi wa injini za boti, daktari wa meno, mtu wa mahesabu, mwelekeze kwa taasisi inayoweza kumwombea kibali, aje mwakani akiwa na karatasi zake.

Ila usimfukuze na hamu yake ya kushika kitu. Mtu aliyechoka na giza anataka kutumia mikono, na hilo ni jambo unaloweza kumpangia kama matembezi. Mpeleke Kibirizi asubuhi wavuvi wanaporudi. Angalia mwezi kwanza: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi mpevu ukiwa juu wavuvi wengi wanapumzika, na utampeleka mgeni kutazama mitumbwi mitupu. Siku yenye mavuno dagaa wametandazwa kila mahali, wanang'aa, kunguru wanafukuzwa, kina mama wanawageuza kwa fagio. Kuna siku nilikuwa pale na mama mmoja wa makamo kutoka Finland, mtu mpole, hajasema maneno kumi tangu afike. Wingu likabadilika ghafla. Mama mmoja akapiga ukelele na kila mtu akainama, wakaanza kuzoa dagaa kwenye mabeseni na kuvuta maturubai, kwa sababu dagaa wakinyeshewa katikati ya kukauka wanaharibika. Yule mgeni hakuuliza, alipiga magoti akazoa kwa mikono miwili kama wenzake. Mvua ikatukuta wote chini ya banda la mabati tumelowa chapachapa, magamba mpaka kwenye nywele, na yeye anacheka peke yake. Sidhani kama Uhamiaji wana kibali cha kazi ile. Mchana alikula dagaa wa mawese na ugali wa muhogo akaomba tena.

Wapo wengine wa kufanya kazi ambao hawashiki brashi wala beseni. Hawa wanakuja na kompyuta, wanaendelea na ofisi zao za kule kule. Kama hilo linaruhusiwa kwa viza aliyonayo, mwambie aulize Uhamiaji yeye mwenyewe kabla ya kuja. Si kazi ya mapokezi kumtafsiria mtu sheria. Kazi yako ni kujua saa zake. Majira ya baridi Ujerumani na Ufaransa wako nyuma yetu kwa saa mbili, Uingereza kwa tatu. Ofisi ya Berlin ikifunguliwa, huku ni saa tano asubuhi. Ikifungwa ni saa moja usiku. Ukiijua hesabu hiyo unaona kwamba asubuhi yake yote ni huru. Mtoe saa moja, jua linapochomoza, umrudishe saa nne na nusu: Kibirizi, soko la Ujiji, makumbusho ya Livingstone na historia ya 1871, Stanley alipomkuta pale, au mtumbwi hadi Katonga. Chakula kizito kiwe saa nne na nusu, mchana umpelekee matunda tu. Hii ni Januari, maembe yapo, yale ya kutoka Tabora pia yanashuka na magari. Na kuna zawadi ya bure kwake: kwa kuwa tuko magharibi, Januari jua letu linazama kama saa moja na dakika ishirini usiku. Akifunga kompyuta yake saa moja kamili, anatembea hadi ufukweni na bado analikuta jua juu ya Kongo. Dar angekuta giza.

Huyu mwambie ukweli wa umeme na mtandao. Radi zikipiga umeme unakatika. Usiseme "mtandao upo" kwa sababu simu yako inafungua picha. Yeye ana mkutano wa video wa saa nzima. Jaribu mwenyewe chumba kwa chumba, kampuni zote za simu, ujue ni kona gani inashika vizuri. Uwe na jenereta au betri, na umwambie inachukua dakika ngapi kuwaka.

Taa ya nje nayo ina mambo yake. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanatoka kwa maelfu na kuvamia kila balbu. Mgeni ambaye hajaandaliwa atafunga mlango akidhani ni nzige wa kwenye vitabu vya dini. Mwambie mapema, weka beseni la maji chini ya taa, na kesho yake mwonjeshe waliokaangwa na chumvi.

Anayependa ndege unaweza kumwonyesha jambo ambalo linawagusa sana. Mbayuwayu wanaozaliana kwenye mazizi ya Ulaya nao wanakimbia baridi, na miezi hii wako huku kwetu wakila wadudu wa mvua. Korongo weupe pia hushuka hadi Tanzania. Kuna wageni wanawajua ndege hao tangu utotoni na hawajawahi kufikiri wanakwenda wapi.

Kuhusu njia, neno ni moja tu: akiba ya siku. Mvua ikizidi, reli ya kati husombwa na maji maeneo ya Kilosa na Gulwe, na ndege ndogo nazo huahirishwa. Mgeni mwenye ndege ya kurudi Ulaya Jumamosi asiondoke Kigoma Ijumaa. Aondoke Jumatano. Atanung'unika, kisha atakushukuru au hatakushukuru, lakini hatakupigia simu akiwa amekwama Dodoma.

Wakati mnahangaika na hawa wa kaskazini, msisahau kwamba wako wanaokimbia baridi kwa wakati unaotufaa kabisa. Australia, New Zealand, Afrika Kusini, baridi yao ni Juni hadi Agosti, na hapo sisi tuko kwenye kiangazi kikavu, jua kila siku, na kule Hifadhi ya Mahale sokwe wanaanza kushuka milimani kadiri Agosti inavyosogea. Hawa ndio wa kuwaahidi jua. Tatizo la msimu wao ni upepo wa kusini unaochafua ziwa mchana, na samaki: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kabla ya kuandika migebuka na kuhe kwenye orodha ya chakula uliza kwanza mwaka huo serikali imepanga nini. Sijui kwa nini hatuwaandikii hawa wa kusini zaidi. Tumezoea tu kusubiri Ulaya.

Mwisho ni fedha, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa msimu wa mvua unapoanzia. Mgeni amelipa boti ya Gombe, asubuhi ziwa limechafuka, nahodha amekataa. Nani anabeba? Hilo liamuliwe siku anapolipa, siyo ufukweni. Kwangu utaratibu ni kwamba tukiahirisha sisi kwa sababu ya hali ya hewa, anachagua siku nyingine au anarudishiwa fedha ya boti yote. Akiahirisha yeye kwa sababu hapendi wingu, mafuta yaliyonunuliwa hayarudi. Ada ya hifadhi ni jambo lingine, inalipwa TANAPA kwa kadi au kwa namba ya malipo, wewe usiipokee mkononi ukaichanganya na yako. Yote yaandikwe kwenye risiti kwa lugha anayoisoma, asaini, umpigie picha nakala. Na ile fedha ya boti usiitumie mpaka boti iwe imerudi Kibirizi.